Paka wa Shangazi na Tapi ya Mama

Shangazi yangu aliingia Butembo juu ya lori la makaa, amekumbatia kikapu kilichofungwa kwa kitenge. Vita vilikuwa vimefika tena Eringeti, alikokuwa akilima mpunga na kuongoza akina mama wa kanisa lake la Kiprotestanti. Alitembea na wenzake mpaka Beni, na pale Beni akabahatika kupata lori. Mama alimpokea godoro, akampokea sufuria. Alipogusa kikapu, kikapu kikamfokea.

"Wifi, iko nini mu hii kikapu?"

"Ni paka yangu."

"Batu banakimbia na batoto, weye unakimbia na paka?"

"Batoto Mungu hakunipa," shangazi akajibu, bila uchungu wowote. "Alinipa hii. Ulitaka niiachie masasi ya vita?"

Mama akaingiza godoro ndani. Wale wawili hawakuwa maadui, mais hawakuwa marafiki pia. Kwenye harusi ya wazazi wangu shangazi alikataa kukaa karibu na mitungi ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na mama, Mkatoliki ambaye baba yake mwenyewe ndiye aliyeipika, hakusahau. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa adabu, basi.

Na sasa paka alikuwa ndani ya nyumba yenye tapi, zulia la mama.

Papa, baba yangu aliyekuwa akiuza nguo, aliileta kutoka Dubai katika safari moja nzuri, kabla barabara hazijaharibika. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, na maua mekundu pembezoni. Kwa mtu anayejua tope la Butembo, rangi ya maziwa sakafuni ni jeuri. Viatu tulivua barazani. Mama aliifunika kwa nailoni na kuifunua wageni wakija, kwa hiyo sisi wenyewe tulipita kando ya ukuta, kama watu wanaozunguka shamba la jirani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kukaa nyumbani nikingoja mambo yatulie. Papa alikuwa amekwama Uganda na mali yake.

Kule Eringeti paka yule alikuwa na adabu zake: alichimba udongo chini ya migomba, akajisaidia, akafukia. Butembo milio ya risasi ilishuka kutoka vilimani, naye akakataa kuvuka mlango. Alitafuta mahali pengine. Alipapata chini ya nailoni, kwenye kona iliyo karibu na kiti cha papa.

Mama aligundua kwa pua. Aliinua nailoni, akapiga magoti, akanusa, akasimama taratibu.

"Ah, hapana. Hapana, hapana, hapana!"

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yetu kupokea shirika, majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Wangekaa pale pale, juu ya tapi. Mama akachemsha maji, akashika burashi na sabuni, akasugua kama anayesugua sufuria iliyoungua. Doa lililokuwa na ukubwa wa sahani likawa sinia. Akamwaga javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Harufu ikapanda ikatutoa wote nje, tukikohoa na kulia machozi, na tuliporudi maua mekundu ya kona ile yalikuwa yamekuwa ya waridi. Jioni paka akaenda, akanusa mahali pale kwa makini, akaongeza lake.

"Wifi," shangazi akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Hapana sugua. Ukisugua, mukojo inashuka chini zaidi. Na javel, kwa pua ya paka, inanuka sawa mukojo ya paka ingine. Anawaza kuko mugeni, anamujibu."

"Ulijulia wapi hayo?"

"Niliharibikiwa na mukeka. Na godoro. Na Biblia."

"Biblia?"

"Hata Biblia."

Niliona mdomo wa mama ukitaka kucheka, lakini akajizuia. Akauliza dawa yake nini. Shangazi akasema maji baridi na vinegre, yaani siki. Tatizo, vinegre ilitoka Uganda, na madukani hapakuwa na hata chupa moja. Kisha mama, huku akitazama dari, akasema:

"Kasiksi ikichachuka sana, si inakuwa vinegre?"

Shangazi alijua mtego ukoje. Alimtazama paka wake, akafunga kitambaa kichwani. "Paka ni yangu. Nitaenda mimi mwenyewe."

Nilimsindikiza. Karibu na soko palikuwa na mama mnene aliyeuza kasiksi kwenye vidumu vya njano.

"Maman, unataka ya leo ama ya jana?"

"Nataka ile imeharibika."

"Kwangu pombe haiharibikake, maman. Batu banaimaliza mbele."

Alicheka mpaka mabega yakaruka, kisha akatuchimbulia kidumu kilichosahaulika nyuma ya magunia, chenye uchachu uliotufumbisha macho, akatujazia chupa. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka na chupa yetu, shangazi ameishika kama mtoto mchanga wa mtu mwingine, tulipokutana na wanawake wawili wa kanisa alikosali Jumapili iliyopita. Wakamsalimia. Macho yao yakashuka kwenye chupa.

"Ni ya tapi," shangazi akasema.

"Amina," mmoja wao akajibu, polepole sana.

Nyumbani, kwa mara ya kwanza nikawaona mama na shangazi wamepiga magoti bega kwa bega. Walikandamiza kitenge kikuukuu juu ya doa bila kusugua, wakamimina kasiksi iliyochanganywa na maji, wakakandamiza tena. Mama akaongeza wazo lake: bikarbonati ya kupikia mandazi, aliyoinyunyiza mpaka kona ikawa nyeupe na kutoa povu. Tukaitoa tapi nje, nzito kama ng'ombe, tukaianika juu ya ua.

Hapo ndipo askari walipoingia. Mji ulikuwa umebadilisha wenyewe mara nyingi, tukaacha kuuliza hawa ni wa nani. Mmoja alichukua redio dirishani. Mwingine akafunga kuku wetu miguu. Wa tatu, mrefu kuliko wote, akaiona tapi. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Yule askari akaivuta, akaitupa begani, na kona mbichi ikamwangukia usoni.

"Ezali kolumba masuba!" akapiga kelele kwa Kilingala. Inanuka mkojo!

Aliibwaga kwenye nyasi na kujifuta kwa bereti. Wenzake walimcheka mpaka wakashika ukuta, na sisi tukaogopa zaidi, kwa kuwa mwenye bunduki anayechekwa hajulikani atafanya nini. Shangazi akasogea mbele, viganja wazi, kwa ile sauti yake ya kuombea wagonjwa:

"Baba, utusamehe. Ni ya paka."

Askari alimtazama kwa muda mrefu. Akatema mate, akaondoka na wenzake, redio na kuku.

Mama aliketi barazani. Shangazi akakaa naye, akamshika mkono. Halafu mama, kwa sauti ya sala, akasema, "Baba, utusamehe. Ni ya paka," na wote wawili wakaanguka kwa kicheko kilichogeuka machozi na kurudi tena kuwa kicheko.

Jumapili tapi ilikuwa kavu. Shirika likakaa, rozari zikatoka. Mzee mmoja wa kike akanusa hewa.

"Humu munanuka kasiksi. Ni nani alikunywa mbele ya sala?"

"Ni ya wifi yangu, ule muprotestanti," mama akasema bila kuinua macho.

Shangazi akatokeza kutoka jikoni. "Ni kweli. Nilinunua mwenyewe."

Chumba kizima kilicheka. Kicheko kilipotulia mama akasogea, akampapasia nafasi kando yake, na shirika likawaombea watu wa Eringeti, kila mtu kwa kusema kwake, shangazi akiomba kwa muda mrefu kuliko Wakatoliki wote.

Kona ile ilibaki ya waridi. Paka, tulipomwekea beseni la udongo jikoni, alirudia adabu zake. Barabara ilipofunguka shangazi alirudi shambani kwake, na msimu uliofuata mama, ambaye hakuwahi kupita Beni maisha yake yote, akapanda lori kwenda kumsaidia kuvuna. Alirudi mweusi kwa jua, na gunia la mchele, akiimba nyimbo za Kiprotestanti na kukosea maneno.