Nilipeleka salamu za bibi wa Shard End hadi Otranto, natamani nisingerudi na majibu

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia hata punje. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza hadi mwisho.

Mimi ni dada wa Tanga, nafanya kazi ya care, kuhudumia wazee majumbani, hapa Birmingham. Kila asubuhi nilikuwa naenda kwa bibi mmoja mtaa wa Shard End, tumwite Doreen. Namwogesha, namvalisha, nampa chai, naondoka. Akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka.

Siku nilipomwambia nimepata likizo na nataka bahari, ila nauli ya Tanga inaliza, akanishika mkono. Akasema niende Puglia, kusini mwa Italia.

Akanipangia safari nzima kama wakala. Polignano nikaogelee kwenye kale kaufukwe kalikobanwa na majabali. Ostuni nipande mji mweupe asubuhi, jua halijakolea. Otranto nikaangalie mti uliotengenezwa kwa vijiwe kwenye sakafu ya kanisa kuu.

Kisha nyuma ya kanisa nishuke ngazi kumi na moja, nigonge mlango wa buluu, niwasalimie.

Mnatujua watu wa pwani. Ukipewa salamu huwezi kurudi nazo. Nikamwambia zitafika.

Nikaenda. Polignano nendeni jamani, ila bebeni viatu vya maji, kule ni kokoto tupu. Kila kitu kilikuwa vilevile alivyosema, na mwanzoni nilifurahi.

Otranto nikaanza kuhesabu ngazi. Zilipotimia kumi na moja mikono ikawa ya baridi, na hapo ni saa saba mchana, jua la kupasua kichwa.

Mlango wa buluu ulikuwepo. Nikagonga.

Akafungua mama wa makamo, amevaa aproni. Nikaanza kuungaunga Kiitaliano changu cha simu, akanijibu kwa Kiingereza cha Birmingham, kile cha Shard End kabisa. Nyuma yake meza ilikuwa na vikombe viwili. Wala hakuniuliza mimi ni nani.

"Mwambie Doreen chai yake inapoa."

Nikaitikia, nikaondoka mbiombio. Hata picha sikupiga.

Niliporudi kazini nilikaa siku mbili bila kusema, moyo ulikataa. Siku ya tatu nikajiona mchoyo, nikamwambia. Bibi akatabasamu, uso ukawa wa msichana. Akaomba koti na viatu vyake vya kutokea. Nikamvalisha, nikidhani namfurahisha tu.

Carer wa mchana alimkuta kwenye kiti, ameshakata roho, koti limefungwa vifungo vyote.

Kwenye mazishi nikamuuliza binti yake, mama alikwenda Italia lini? Akanishangaa.

"Mama hajawahi hata kuwa na pasipoti."

Wenzangu kazini wananiambia alikuwa na miaka tisini na moja, siku zake zilifika. Sawa. Lakini viatu nilimvalisha mimi, wakuu, na kamba nilizifunga mara mbili ili zisimfungukie njiani. Hilo linanitesa.

Nilichojifunza: kabla hujapokea salamu, uliza zinakwenda kwa nani.

Juzi mzee mmoja ninayemhudumia Great Barr kasikia nina likizo tena, akaanza kunitajia mji wa bahari. Nikamwambia mimi safari hii naishia Small Heath, hapahapa Birmingham.

Ingekuwa wewe, yale majibu ungeyafikisha? Niambieni ukweli, hata kama unauma.