Ndege Anayeuliza Uko Wapi

Kwetu magharibi mwa Kenya, mwanamke akisikia nduru ya msiba hujibu kwanza, kisha ndipo huuliza ni nani aliyefariki. Kwa hivyo alasiri moja jikoni kwa waajiri wangu Riyadh, niliposikia nduru ndefu ikitoka sebuleni, niliacha wali motoni, nikaweka mikono kichwani na kujibu kwa sauti yangu yote.

Madam alikuja mbio. Mtoto wao akaangua kilio. Bosi alicheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

“Halas, halas,” akasema. “Mafi mauti, hakuna kifo. Ni ndege tu.”

Alikuwa amesoma Kanada, na huko alimrekodi ndege huyo kwenye ziwa la msituni. Sasa alimfungulia mtoto sauti hiyo ili alale. Akanionyesha picha: ndege mweusi mwenye madoa meupe na macho mekundu, kinda lake likiwa mgongoni kama tunavyobeba sisi. Ukimsikia anacheka, bosi alinieleza, ameingiwa na hofu. Akilia vile kwa kirefu, anamuuliza mwenzake: uko wapi? Na mwenzake hujibu kutoka ng'ambo ya maji.

Nilimpenda ndege yule kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Nilipenda hasa kile kimya baada ya swali, maji yakisikika kidogo, halafu jibu. Bosi akisahau kumfungulia mtoto, nilimkumbusha. Wenyewe walidhani namhurumia mtoto.

Dada yangu alikuwa Jeddah, naye hakunijibu. Alimtoroka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, ikama yake ya kuishi nchini ikaisha, akawa anaishi chumba kimoja na wenzake wa kwetu mtaa wa Hindawiyah, akifanya vibarua vya usafi. Katika ujumbe wake wa mwisho wa sauti alikohoa sana, kisha simu ikazimika. Polisi ningewaendeaje? Ningekuwa namkabidhi kwa mkono wangu. Na kilichonitafuna zaidi ni nduru yangu ya jikoni, maana kwetu husemwa nduru ikipigwa bila maiti huenda kumtafuta. Nilijiambia hayo ni mambo ya kizee, lakini sikujisadiki.

Sikukuu ya Idi familia ilikwenda Jeddah, nami nikachukuliwa. Nilimsihi bosi mpaka akachoka. Akanipeleka Hindawiyah, akaegesha gari barabarani.

“Nenda, rudi upesi. Yalla.”

Chumba cha dada yangu kilikuwa na wapangaji wapya. Hawakuwahi hata kumsikia.

Nilisimama kwenye ngazi, nimeishiwa la kufanya. Nikalia kama yule ndege, kwa kirefu, sauti ikipanda na kukatika: uko wapi? Kisha nikanyamaza, nikasikiliza.

Nikajibiwa. Juu na chini milango ilifunguka, wanawake wa kwetu wakatoka wakipiga nduru, mikono kichwani. Nilisikiliza sauti moja moja. Yake haikuwemo. Mmoja wao, mtu mzima mwenye unga viganjani, akanishika mabega.

“Pole, dada,” akasema. “Nani ametuacha?”

Nilifungua mdomo nimwambie hakuna, nikashindwa. Chini, bosi alikuwa akipiga honi.