Mto wa Mama Umenivusha Mpaka

Leo nimepasua mto mbele ya maofisa wa mpakani!

Narudi kibaruani Zambia. Nimefika Nakonde, nesi wa mpakani akaniuliza: "Kadi ya homa ya manjano?"

Nikapekua begi lote. Hamna.

"Basi rudi Tanzania."

Huku dereva wa basi anapiga honi. Nikampigia mama, yuko kijijini kwetu Ngulyati.

"Mayu, kadi yangu ya chanjo umeiona?"

"Nimeishonea ndani ya ule mto wa kulalia niliokupa, wezi wasiipate. Si unao?"

Mto wenyewe wa pamba ya shambani kwetu. Nusura niuache stendi Bariadi, naona aibu kuubeba!

Nikaupasua. Pamba ikajaa mezani, kadi ikatoka.

Nesi akacheka: "Mwambie mama amekuvusha."

Asante, mayu. Leo nitalalia begi, lakini kazi ninayo.

Nani mwingine ana mama wa hivi?