Simu Iliyongojewa na Bibi Arusi

Simu yenyewe ilikuwa haijatoka bado, na mimi nilikuwa nimeshaichukia.

Kuze nzima, mtaa wetu hapa Mombasa, haikuwa na mazungumzo mengine. Mwanamke anayeuza kaimati karibu na msikiti aliniambia itakuwa na kamera tatu. Binti wa jirani akasema nne. Mwalimu wa madrasa, yule yule anayewachapa watoto kwa kushika simu, alinisimamisha kichochoroni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli betri yake itakaa siku mbili. Watu ambao hawatainunua hata kwa ndoto ndio waliojua rangi zake zote. Na mjuzi wao mkubwa alikuwa ndugu yangu mdogo.

Huyu nilimlea mimi. Mama yetu alipofariki alikuwa darasa la pili, nikamfulia, nikamlisha, nikamsomesha mpaka akawa karani bandarini, akaoa, akahamia Majengo. Ana moyo mzuri, lakini kwa simu ni mgonjwa. Kila mwaka kabla ya simu mpya kutoka hukaa akiangalia video za watu wanaokisia itakavyokuwa, kisha huja kunihubiria mimi.

"Da, ya mwaka huu si mchezo. Gizani inapiga kama mchana."

"Gizani wataka kumpiga nani?"

"Si mimi. Wewe! Kwa kazi yako hiyo."

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha arusi za wanawake. Asiyezijua arusi zetu nimweleze. Usiku wa kupamba, bibi arusi huketi jukwaani, na wanawake wakaingia wakavua mabuibui, wakabaki na magauni, nywele wazi, migongo wazi, dhahabu tele shingoni. Mwanamume haingii, hata awe ndiye mwenye ukumbi. Mlangoni huketi mama mmoja mkali na beseni, na kila mgeni huitia simu yake humo. Mimi peke yangu nilikuwa nikiruhusiwa kupita na kamera. Shughuli ikiisha nilikuwa nikiichomoa ile kadi ndogo ya picha, nikamtilia mama wa bibi arusi kiganjani. Nikirudi kwangu sikuwa na picha hata moja ya mtu.

Hilo ndilo lililonifanya niitwe. Wapo waliopiga picha nzuri kunishinda, nakubali, lakini akina mama waliniamini mimi. Miaka kumi na minne nilikula kwa amana hiyo, na sikuwa na elimu nyingine wala mume wa kuniletea.

Kisha wakaja wasichana wa simu. Hao walipiga vivideo vifupi vyenye nyimbo, bibi arusi akageuka, akacheka, maua yakamwagika, na kesho yake mchana kila kitu tayari. Mabibi arusi wakanikimbia. Mwaka mzima nikaitwa arusi tatu, na mbili kati ya hizo ni za jamaa zangu walioona haya kunipita.

Ndipo mama mmoja wa mtaa wa nyuma alipobisha hodi na binti yake. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, nikawatilia kahawa, na binti akashindwa kungoja. Aliniita khala, mama mdogo, ingawa hatuna udugu.

"Khala, mimi nakutaka wewe. Lakini kamera yako, nisamehe, picha zake ni kama za pasipoti. Nataka ile simu mpya. Itatoka kabla ya arusi yangu, nimeangalia."

"Na isipotoka?"

"Itatoka!"

Mama yake akatikisa kichwa. "Mimi hayo ya simu siyajui. Nijualo ni kwamba mwanangu akipigwa picha na mtu mwengine, mimi silali."

Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Nilikuwa nimeshikwa pabaya. Nikiikosa simu ile, nilijua kazi imekwisha, kwa sababu Kuze habari haina haja ya miguu. Nikiipata, na arusi ikapendeza, basi ningerudi kuitwa.

Tangu siku hiyo nami nikawa mgonjwa kama ndugu yangu. Niliyekuwa nikiwacheka watu, nikaanza kuuliza maswali kuliko wao. Itatoka lini hasa? Ikitoka itafika Mombasa baada ya siku ngapi? Nilikwenda maduka ya barabara ya Digo, nikazunguka jua kali. Muuzaji wa kwanza akasema niandikishe jina. Wa pili akasema za mwanzo huwa na kasoro, nisubiri mwezi. Nikamwambia arusi haisubiri. Wa tatu akatoa simu chini ya meza, akaapa ndiyo yenyewe, imekuja kwa njia zake. Simu haijatoka duniani, yeye anayo! Nikamtazama tu, nikavuta buibui langu nikatoka.

Ndugu yangu ndiye aliyenituliza. Mwenzake wa kazini alikuwa na jamaa Dubai, ataileta halisi, na karatasi zake. Pesa zangu hazikutosha, kwa hiyo nikaiuza kamera. Niliiuza kwa bwana mmoja mwenye studio ya picha za vitambulisho. Alipoifunga kwenye mfuko niliona uchungu, nikajiambia acha ujinga, ni chuma tu.

Jambo moja lilinikera, nikamuuliza ndugu yangu mara mbili. "Kadi yaingia wapi?"

"Hakuna kadi, Da. Hayo mambo ya kale. Kila kitu kimo humo humo."

"Sasa mama wa watu nitampa nini mkononi?"

"Utamtumia! Kwani yeye hana simu?"

Akacheka, nami nikacheka, ili nisionekane nimepitwa na wakati.

Siku ilipozinduliwa alinipigia akiwa anahema. "Imetoka, Da! Imetoka!"

"Imetoka wapi?"

"Ulaya."

"Basi mimi niko Kuze."

Siku zikaanza kutukimbiza. Bibi arusi alikuwa akinitumia ujumbe kila asubuhi: Khala, imefika? Mara mzigo umeondoka, mara haujaondoka, mara yule jamaa wa Dubai ameahirisha safari. Nililala roho juu. Chakula kilinishinda. Mtu mzima mimi, nasali, na katikati ya sala nawaza kifurushi. Ilifika siku nne kabla ya arusi, ndugu yangu ameikumbatia kifuani.

Akaketi barazani kwangu akaiwasha. Ikaulizia akaunti. Mimi akaunti sina, sijawahi kuwa nayo.

"Nitaweka yangu kwa sasa," akasema, "kisha nitakufungulia yako tukipata nafasi."

"Haina neno?"

"Haina neno."

Nafasi haikupatikana. Nilikuwa na siku nne za kujifunza, na mimi nilijua kupiga picha, ya ndani ya simu sikuyajua. Nilimpiga paka picha, nikapiga mlango wa jirani, nikapiga taa ya chumbani mpaka nikaielewa.

Usiku wa arusi, kusema kweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwa miaka. Simu ile ilikuwa na jicho. Bibi arusi alitoka kama alivyotaka, akigeuka, akicheka, na wenziwe wakicheza nyuma yake bila wasiwasi, kwa sababu aliyeshika simu alikuwa mimi. Walinizoea. Hakuna aliyejifunika nilipopita. Shughuli ilipokwisha mama yake alinijia, akautazama mkono wangu, akingoja.

"Kesho alasiri nitakuletea zote," nikamwambia. "Lazima nivikate vile vivideo kwanza. Kisha nazifuta mbele yako."

Alisita kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Wewe nakujua."

Kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa nakata video zile, mara mlango ukasukumwa bila hodi. Wifi yangu, mke wa ndugu yangu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Majengo, buibui limepinda, kijasho kinamtiririka, na mkononi ana simu ya mumewe.

"Wifi, nakuheshimu. Wewe ni kama mama mkwe wangu. Sasa niambie, hawa wanawake walio kwenye simu ya ndugu yako ni kina nani?"

Nikaipokea. Alikuwa bibi arusi. Picha ya pili, bibi arusi tena. Nikateremsha kwa kidole, wakaja masomo zake waliomfunda, shangazi zake, yule jirani yangu mjane ambaye sijapata kumwona bila mtandio miaka ishirini, anacheza, nywele zimemwagika mabegani. Wote walikuwemo. Picha zote nilizopiga zilikuwa zimepanda zenyewe mtandaoni, zikashuka kwenye simu ya mwanamume, kwa sababu akaunti ilikuwa moja.

"Yarabi!" nikasema. "Hawa ni wangu. Ni wa arusi ya jana."

Wifi akatua, akaketi, akalia kwa kujua mumewe hana wanawake. 

Nikampigia ndugu yangu kazini, kwenye kile kisimu chake kidogo cha vitufe.

"Da, wallahi sijaziona! Ile kubwa niliiacha kwenye chaji tangu jana jioni. Sijaigusa."

"Hukufungua hata moja?"

"Hata moja. Kwani nina wazimu?"

Nilimwamini. Ni mtoto wangu yule.

Sikungoja alasiri. Nikazichukua simu zote mbili, nikapanda ngazi za mama wa bibi arusi. Wangapi wangekaa kimya? Nami niliwaza kukaa kimya, nisijifanye malaika. Lakini nilikuwa nimekula kwa amana miaka kumi na minne, nikaona nikiificha hii, kila nilichokula huko nyuma kitakuwa haramu. Nikamketisha, nikamweleza neno kwa neno.

Alinisikiliza huku ameshika kiti. Rangi ilimtoka.

"Yupo mwanamume aliyeziona?"

"Hayupo."

"Una hakika?"

"Simu ilikuwa kwenye chaji. Hakuifungua."

"Niapie."

"Wallahi, hakuna mwanamume aliyemwona mwanao."

Akaniambia nimtilie picha zake kwenye simu yake, kisha nizifute. Nikafuta kwangu, na mbele ya macho yetu zikatoweka kwenye ile simu nyingine pia, moja baada ya moja, mpaka ikabaki picha ya mtoto wa ndugu yangu na baiskeli. Akashusha pumzi ndefu.

"Basi yaishe hapa hapa," akasema. "Binti asijue, mumewe asijue. Na wewe usijiue kwa mawazo. Mwengine asingenijia."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nililia kule ngazini wakati wa kushuka, kwa haya na kwa shukrani.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja ndugu yangu alikuja kula baada ya sala, kama kawaida yake. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hata hajanawa vizuri, ameshaanza.

"Da, ya mwakani umeisikia?"

"Sitaki kuisikia."

"La, sikiliza. Hii yako ina kasoro moja, na ile ijayo ndiyo wameirekebisha. Kwenye mwanga mdogo hii yachafua rangi. Ile hina ya mgongoni, kwa mfano. Imetoka nyeusi tii, na hina ya arusi haiwi nyeusi vile. Hiyo ijayo itakupa wekundu wake halisi, na maua yake, mpaka chini kiunoni, utayaona yote."

Akamega samaki.

Hina ile niliipiga chumbani, kabla bibi arusi hajavishwa gauni. Picha mbili tu, kwa ajili yake mwenyewe. Ukumbini haikuonekana, gauni lilikuwa la kufunika. Hata mashoga zake hawakuiona. Ilichorwa ionwe na mumewe.

Aliendelea kula. Hakujua alichokisema. Alikuwa akizungumza juu ya kamera, macho yanang'aa, kama alivyokuwa akinisimulia mpira alipokuwa mdogo.

Nilimwongeza wali. Ningemfukuza? Ningemwambia mkewe? Ama ningepanda tena zile ngazi nikamwambie mama wa watu kwamba nimemwapia uongo, na kwamba mwanawe ameonwa mpaka kiunoni na mwanamume anayepita chini ya dirisha lake kila Ijumaa? Ndiyo, hilo ndilo lililonipasa. Nalijua. Naamka nalijua, na siku inapita sijakwenda, na sasa nimeshajua kwamba sitakwenda.

Juzi alinipigia mwanamke wa Majengo, ana binti anayeolewa mwezi ujao. Nambari yangu alipewa na yule mama.

"Ameniambia katika Mombasa hii nzima, wa kumwachia mwanangu ni wewe tu," akasema.

Nikamwambia kazi hiyo nimeacha, macho yananisumbua. Alisikitika kikweli. Akaniombea dua pale pale simuni, Mungu aniponye, Mungu anilipe kwa uaminifu wangu, na mimi nikaitikia amina.