Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Gari lile nililikwangua rangi mara tano, na hata mara ya sita sikuridhika. Nilichoka tu. Lilikuwa na urefu wa kiganja changu. Lilikuwa mfano wa gari la mashindano la zamani, la kiti kimoja, mwili mwembamba kama samaki, magurudumu yamejitenga pembeni, la aina ile ambayo dereva alikaa kichwa na mabega nje kwenye upepo. Kwenye boksi lilikuja vipande vipande vya plastiki ya rangi ya majivu, vimeshikana kwenye vijiti. Mtu alitakiwa avikate, avisugue, aviunge kwa gundi, kisha apake rangi mwenyewe.

Nililipata sokoni Mbinga, miaka ile marobota ya mitumba yalipoanza kuteremshwa kwa wingi na kila kitu cha duniani kikawa kinapatikana juu ya turubai. Mfanyabiashara mmoja, mzee ambaye baba yake alitoka Kilwa, alikuwa na boksi hilo limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilikuwa nimeshika sweta.

"Chukua sweta, na hilo boksi nakupa," alisema. "Halijaungwa, na magurudumu mawili hayamo. Liniondokee hapa, watu wananiuliza maswali."

Juu ya boksi palikuwa na picha ya gari lenyewe, kijani kizito. Nilipoiona, nilimkumbuka mjomba.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, anaishi Lituhi, chini ziwani. Ujanani alikwenda kusini, nje ya nchi, kutafuta kazi kama wengi wa rika lake, na huko akaajiriwa kwenye gereji iliyokuwa na magari ya mashindano. Hakuyaendesha. Hakuyatengeneza. Aliyaosha. Tangu nikiwa mdogo alinisimulia kuhusu gari moja la kijani ambalo likiwashwa, meno ya mtu yaligongana. Pale Lituhi hakuna aliyemwamini. Wavuvi walikuwa wakimpita wanamsalimia, "Shikamoo dereva, leo umewapita wangapi?" naye aliitikia, "Marahaba, nimempita baba yako akiwa amelala." Wakacheka, naye akacheka. Lakini nilijua kwamba ule utani ulimchosha. Kwa miaka thelathini hakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Wakati ule alikuwa ameshaambiwa kwamba macho yake yana presha. Hospitali walimwambia amechelewa, kinachokwenda hakirudi. Mwezi uliofuata, nilipoteremka kumsalimia, nilimwahidi. "Nitakuundia gari lako, mjomba. Utaliona."

"Basi fanya haraka," alisema. "Siku hizi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba linazidi kuwa jembamba."

Mtu mwingine angelimaliza kwa mwezi mmoja. Mimi lilinichukua mwaka na nusu.

Nataka nieleze kwa nini, ingawa si utetezi. Kwetu ni Mkumbi, kwenye kahawa. Nilijifunza kuangalia vitu kwenye ungo wa mama. Kila msimu tulikaa naye kibarazani tukichagua kahawa iliyokauka, tukitoa punje iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, iliyobadilika rangi. Mama hakunipiga kwa kosa lolote kubwa, ila nilipoacha punje mbovu ipite aliirudisha kwenye kiganja changu, akakifunga, akasema, "Kaa nayo." Nilikaa nayo mpaka jioni. Hadi leo nikikosea kitu nahisi kuna punje kiganjani.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi. Zamani kahawa ilipelekwa chama cha ushirika ikapangwa madaraja. Hawa walikuja na malori yao hadi mlangoni, kijana akatumbukiza mkono kwenye gunia, akautoa bila hata kutazama alichoshika. "Mimina tu, mama. Nzuri na mbaya, mimina." Mama alimimina. Msimu uliofuata alikaa tena kibarazani na ungo wake.

"Sasa unamchagulia nani?" baba alimuuliza.

"Mikono imezoea," alisema mama.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda. Asubuhi nililima mashimo ya ngolo kwenye mteremko na baba, kazi inayovunja kiuno, unalaza majani miraba miraba na kuyafunika udongo. Mchana nilikaa mbele ya dirisha na gari langu. Baba alinipita akitikisa kichwa. "Wenzako wa umri huu wana watoto. Wewe una gari la mtoto."

Hakukuwa na wa kunifundisha. Maelezo yaliyokuwamo yalikuwa kwa lugha nisiyoijua, nikafuata michoro. Gundi yake ilikuwa imekauka, nikagundua kwamba vijiti vinavyobaki vikilowekwa kwenye petroli kidogo vinalainika vikawa gundi vyenyewe. Kabla ya kujua kipimo niliharibu mlango mdogo wa injini, ukanyong'onyea kama mshumaa. Nikauunda upya kwa bati la kopo. Kijiti nikikipasha moto juu ya mshumaa na kukivuta polepole, kilitoa uzi mwembamba kama unywele, nikapata mabomba ya mafuta. Waya za injini nilizitoa kwenye redio mbovu. Mkanda wa ngozi wa kufungia boneti niliukata kwenye pochi ya mama iliyochakaa, naye alijua, akanyamaza.

Magurudumu mawili yaliyokosekana ndiyo yaliyonimaliza. Tairi nilichonga kutoka kwenye kandambili. Lakini ndani yake zilitakiwa spoku, zile nyaya nyembamba kama za baiskeli, na zilizokuja na boksi zilikuwa nene, mbaya. Nikazing'oa zote, hata za magurudumu mazima, nikaanza kusuka zangu kwa nailoni ya kuvulia aliyonipa mjomba mwenyewe bila kujua ya nini. Gurudumu moja lilichukua wiki tatu. Nilipomaliza la nne, nilirudi kulitazama la kwanza, nikaona kwamba mkono wangu ulikuwa umekuwa mwepesi zaidi na sasa la kwanza lilionekana baya. Nikalifumua.

Rangi nayo. Nilichanganya rangi ya mafuta, ile ya milango, mpaka nikapata kijani cha jani la kahawa lililonyeshewa. Nilipaka. Ikakauka, nikakuta alama ya brashi. Nikaikwangua kwa wembe. Nikapaka tena, malori ya wanunuzi yakapita barabarani, vumbi jekundu likatua juu ya rangi mbichi. Nikakwangua. Nikangoja mvua zitulize vumbi, mvua zikaja, unyevu ukaifanya rangi ipauke kama imemwagiwa maziwa. Nikakwangua. Nilijua macho ya mjomba hayasubiri mvua. Nilijua kila siku, nikiwa nakwangua. Lakini kila nilipowaza kumpelekea gari lenye kasoro, kiganja kilijifunga chenyewe.

Mwezi wa saba mke wa mjomba alituma ujumbe kwa mtu aliyekuwa akipandisha dagaa. Mtu huyo alisimama uani, akasema kama alivyoagizwa: "Mama wa Lituhi anasema, jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kitu kikiwekwa karibu. Anasema, yule fundi wa gari aje sasa hivi, au asije tena na gari."

Mama alikuwa kibarazani. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Nenda na lilivyo," alisema.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Rangi ya mara ya sita ilikuwa imekubali, nilikuwa nimeipiga vanishi mikono miwili, yaani matabaka mawili, ikabaki mkono wa tatu, wa mwisho, ule unaoleta mng'ao wa gari lililotoka kuoshwa. Mjomba alikuwa mwosha magari. Sikuweza kumpelekea gari lisilong'aa. Nikaamua kwamba mkono huo nitaupiga huko huko Lituhi, ufukweni, kwa sababu hewa ya ziwani haina vumbi la malori. Nilijiona nimepata akili. Nililifunga gari kwa pamba, nikalitia kwenye kopo la maziwa, nikashika chupa ya vanishi mkononi, nikapanda lori la mahindi lililokuwa linateremka.

Nilifika saa nane mchana. Mjomba alikuwa amelala. "Muache kidogo," alisema mke wake. "Akiamka atakula, kisha umwonyeshe kabla jua halijateremka. Mwanga ukipungua haoni kitu."

Nikakimbilia ufukweni, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Upepo ulikuwa mdogo. Vanishi ilishika vizuri kuliko siku zote. Niliupiga mkono ule wa mwisho kuanzia mkiani hadi puani, brashi haikuacha alama hata moja, na kwa mara ya kwanza katika mwaka na nusu niliangalia kitu nilichokifanya nikakosa cha kulalamikia. Nikaliweka gari juu ya mtumbwi, pua ikielekea ziwani, likauke.

Mtu wa ufukweni angetazama maji kwanza. Mimi ni mtu wa milimani. Niliona moshi mbali juu ya ziwa, nguzo nyeusi kama watu wamechoma kitu, nikafikiri ni meli. Nilisikia wanawake wakiitana, nikaona wanachukua vikapu, bado sikuelewa. Moshi ule ulikuwa wadudu, wale inzi wadogo wa ziwani wanaozaliwa majini kwa maelfu na kusukumwa nchi kavu na upepo. Wanawake huwakamata kwa vikapu wakawakanda mikate. Walifika wote kwa pamoja. Waliniingia puani, masikioni, mdomoni. Nililifunika gari kwa mwili wangu, lakini vanishi mbichi ilikuwa imeshawapokea. Walipopita, pua ya gari ilikuwa na madoadoa meusi, mabawa yamenasa, miguu imenasa. Nyuma walikuwa wachache. Mbele, mahali palipoelekea ziwani, walijaa.

Nilijaribu kumtoa mmoja kwa ncha ya wembe. Akatoka na rangi yake.

Sitaki kueleza nilivyokaa pale. Nilifikiria kulitupa majini na kusema limepotea njiani. Nililishika kabisa, nikainua mkono. Mke wa mjomba akaita kutoka juu, "Wewe fundi, ameamka."

Mjomba alikuwa kwenye kiti, nje, uso ameelekeza kwenye jua. Jirani yake mvuvi, mmoja wa wale watani, alikuwa amekaa karibu akishona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, fundi wa mwaka na nusu. Umekuja na gari au umekuja na sababu?"

Nikaliweka mikononi mwake. Alilipapasa kwanza magurudumu, akapitisha kucha kwenye spoku zangu za nailoni, zikatoa mlio mdogo. Akatabasamu. Kisha akaliinua mpaka likakaribia kugusa jicho la kushoto, akaligeuza polepole, akitafuta mahali pa kupitishia ule uoni wake wa bombani. Ulitua kwenye pua ya gari.

Mimi nilikuwa nimefunga kiganja.

"Wadudu," alisema.

"Mjomba, nilikuwa nataka..."

"Mama, nipe kitambaa kibichi."

Mke wake akamletea. Mjomba akakizungusha kwenye kidole gumba, akaanza kusugua pua ya gari kwa mizunguko midogo, kisha akageuza mkono na kukwangua kwa ukucha, kwa mbinu, kama mtu aliyefanya hivyo siku nzima, siku nyingi. Niliona vanishi yangu ikichanika.

"Hawa wamekauka," alisema. "Hawa ulitakiwa uwaoshe gari likiwa bado la moto. Jioni wanakuwa kama simenti. Tajiri wangu alikuwa anapita na kidole chake, akikuta mguu wa mdudu mmoja tu, hakuna posho." Akamwelekezea jirani gari. "Wewe, njoo uone. Hivi ndivyo lilivyokuwa likirudi kutoka mashindanoni."

Jirani akaweka wavu chini, akainama, akalitazama kwa muda. Hakutania. "Kumbe kazi yako ilikuwa kuokota inzi," alisema hatimaye, kwa upole.

"Ndiyo. Nilikuwa naona aibu kuwaambia." Kisha mjomba akanigeukia. "Uliwezaje kujua? Hili la wadudu sikumbuki kumwambia mtu."

Hapa ndipo ninapotaka nisomwe vizuri. Ningeweza kusema ukweli, tungecheka wote. Lakini alikuwa ameliona gari lake, jirani alikuwa ameamini, na mimi kwa mara ya kwanza nilionekana fundi asiyeacha kitu. Nikasema, "Ulinisimulia, mjomba. Nikiwa mdogo."

"Nilikusimulia?"

"Ndiyo."

Kidole gumba chake bado kilikuwa kikizunguka kwenye pua ya gari. "Basi na kichwa nacho kinakwenda," alisema.

Lile jicho la kushoto lilizimika kabla mwaka haujaisha. Gari liko Lituhi, juu ya kabati lao la vyombo, na watu hawamsalimii tena kwa jina la dereva. Nimeunda mengine mawili tangu hapo, safi, na sina wa kumpa. Kila ninapoteremka huko nakwenda na maneno tayari ya kumwambia kwamba hakuwahi kunisimulia, kwamba kichwa chake ni kizima, kwamba wale wadudu walikuwa kosa langu. Nafika, namsalimia, nakaa. Maneno narudi nayo Mkumbi. Naye, kabla ya kuanza hadithi yoyote ya kule kusini, siku hizi husita, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "Hili nalo nilishakusimulia?"

Mimi hujibu, "Hapana mjomba, hilo bado," hata lile ambalo amenisimulia mara kumi, nikakaa kulisikiliza mpaka mwisho.