Vizingiti vya Kobe

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Shangazi hutoka uani na kulizunguka gari lake akiligonga kwa kifundo cha kidole. Huanzia kwenye taa, hupita ubavuni, kisha huinama mpaka chini ya mlango, sikio limetegwa kama la mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Bati zima huitika. Bati bovu lililozibwa kwa puti na kupakwa rangi hutoa sauti ya mbao. Siku aliponunua gari hilo hakulijua jambo hili, na kwa kutolijua alichekwa mpaka watu wakashika mbavu.

Alikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mji ule walikwenda shule wamevaa sare alizozishona yeye, na mgongo wake ukachukua umbo la kiti. Alipoacha kushona, watu wote nyumbani walitaka apumzike, na kupumzika kwenyewe maana yake ilikuwa kwamba sasa apatikane: amlelee huyu mtoto, amsindikize yule hospitali, awapikie wageni wa mwingine. Yeye akaenda akanunua vani kuukuu, yenye pua butu na mgongo wa mviringo. Enzi za usichana wake vani kama hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta majora ya vitambaa dukani, na kila ilipoondoka yeye alibaki dirishani. Majirani wakaliita gari hilo Kobe. Lilikokotwa kwa kamba hadi uani, na huko likakaa.

Kaka yake hakupendezwa. Nyumba waliirithi wote wawili, lakini sauti ndani ya nyumba ilikuwa moja. Akatangaza mezani kwamba mvua zikiisha na gari bado halijatoka kwa magurudumu yake lenyewe, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue. "Ua si makaburi," alisema, akaomba aongezewe mchuzi. Binti yake, mwalimu kijana ambaye maneno yalimpanda kichwani lakini yakakwama kooni, aliinamia sahani yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Binti alimtazama Shangazi akimwongezea baba mchuzi, na hasira ikampanda.

Shangazi alianza kazi kwa kuuliza, maana si haya kuuliza. Jirani yao alikuwa fundi bodi, mnyoosha mabati ya magari, mtu mwenye kiwanda chake barabarani, rafiki wa kaka mtu. Alikuja, akapiga teke kizingiti, lile boriti la bati chini ya mlango, na puti ikamwagika pamoja na magazeti yaliyoshindiliwa ndani. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vimeliwa na kutu. Akasema vikatwe, viwekwe vipya. Basi. Baada ya hapo akawa anakuja jioni, anageuza ndoo, anaikalia, anakunywa chai ya mwenye gari, anatazama.

Sasa, Shangazi alijua njia moja tu ya kutengeneza kitu kibovu. Nguo mbovu hufumuliwa yote kwanza. Vipande hutandazwa mezani, vinakuwa vipimo, ndipo unapokata vipya. Kwa hiyo alivua milango, akaiegemeza ukutani. Akakata kizingiti cha kulia, akakata cha kushoto, akavilaza juu ya gunia, kila kimoja na alama yake ya chaki. Fundi bodi alikuwepo siku ile. Alikunywa vikombe viwili.

Kesho yake Shangazi alitaka kujaribu mlango mmoja tu, aone pengo lilivyo. Haukuingia. Akausukuma, akauinua, akajaribu wa pili. Tundu la mlango lilikuwa limebana juu na kupanuka chini, kwa sababu gari lote lilikuwa limelegea kiuno. Nguo ukiifumua haianguki, haina mifupa. Gari la namna ile mifupa yake ni bodi lenyewe, na vizingiti ndivyo kiuno. Hukatwa kimoja kimoja, tena baada ya kukaza tundu la mlango kwa nondo. Yeye alikuwa amevikata vyote viwili kwa mpigo, na fundi ameketi pale.

Alimfuata kiwandani, binti wa kaka yake nyuma yake. Hakugombana. Alimwuliza tu kama alijua.

"Mama, hilo hata anayejifunza wiki ya kwanza analijua," alisema fundi, akicheka kwa wema kabisa. "Kaka yako ndiye aliyeniambia nikuache. Ukishindwa mwenyewe hutamlaumu mtu."

Jioni ile, Shangazi alipomwuliza mezani, baba mtu hakukana. Alieleza kwa upole kwamba alimwonea dada yake huruma, umri umekwenda, vyuma vitamkata mikono. Binti alisikiliza neno huruma likipita juu ya meza kama nzi. Huruma gani hiyo inayomtazama mtu akikata mguu wa kiti alichokalia, ikaomba na sukari? Shangazi angekuwa mwanamume, wangempigia kelele asimamishe msumeno. Hata mlevi apitaye njiani huambiwa mbele kuna shimo.

Alitaka kuyasema haya. Alichoweza ni kuondoa sufuria ya mchuzi mbele ya baba yake na kuipeleka jikoni. Baba alitazama mahali ilipokuwa, asielewe.

Kuanzia siku ile fundi hakuonja tena chai ya nyumba ile. Shangazi aliazima jeki mbili, akaziweka chini ya kiuno cha gari, akaliinua taratibu. Kidogo leo, halafu akaliacha, kama alivyokuwa akiliacha gauni lining'inie kwanza kabla ya kukunja pindo, maana kitambaa nacho hujishusha. Kipimo je, na gari limekwisha kupinda? Kipimo kilikuwa ukutani. Milango haikupinda. Kila asubuhi aliinua mlango, akaujaribu kwenye tundu, akaupimia pengo kwa futi yake ya kushonea, akarudi kwenye jeki. Siku mlango ulipoingia na kujifunga kwa mlio mmoja, akakaza nondo, akaazima mashine ya kuchomelea, akachomelea vizingiti vipya kwa mkono wake. Mishono ile ya chuma ilikuwa mibaya, imevimba kama makovu. Akaigonga. Ikaitika.

Injini ilikuwa na visa vyake, lakini injini haikumdanganya. Mvua zikaisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika langoni na mkokoteni wake, ilibidi asogee pembeni, kwa sababu Kobe alikuwa anatoka, moshi nyuma, Shangazi ameshika usukani kwa mikono miwili. Alipita mbele ya kiwanda cha fundi bila kupiga honi, akageuza kwenye kona, akarudi.

Ungedhani kaka mtu angeona haya. Jumapili iliyofuata aliwapeleka wageni uani, akapapasa ubavu wa gari, akasema, "Tulihangaika nalo sana, lakini tumelitengeneza." Tumelitengeneza.

Haukupita muda, baba akanunua kabati kwa mtu mtaa wa pili, akamtuma binti akamwombe shangazi yake alibebe kwa Kobe. Kulikuwa ndiyo kwanza kumekucha. Shangazi alikuwa ameinama chini ya mlango, anagonga. Binti alisimama na ujumbe wa baba yake mdomoni, na kwa mara ya kwanza yakatoka maneno yake mwenyewe.

"Shangazi, umemsamehe Baba?"

Shangazi alimalizia kugonga mpaka gurudumu la nyuma.

"Hapana," alisema. "Mwambie kabati akalitoe nje, nitalipitia."