Kiporo cha Pumzi

Muuguzi aliyetufundisha huduma ya kwanza alitoka Mikumi, na alisema ajali za malori za barabara kuu zimemfundisha mengi kuliko chuo. Ukumbini pale Kilosa mjini tulikuwa mchanganyiko: waendesha bodaboda, walimu wachache, na mimi kibarua wa mashamba ya mpunga Kilangali, niliyetumwa na msimamizi wetu. Muuguzi alimlaza mdoli wa plastiki mezani, akamwinua kidevu, akambana pua, akampulizia mdomoni. Kifua cha mdoli kikapanda.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Pumzi ninayoitoa si nimeshaitumia? Itamfaa nini mwenzangu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ukipika wali, unamaliza sufuria nzima?" akaniuliza.

"Hapana. Kinabaki kiporo."

"Basi na hewa ni hivyo hivyo. Mwili wako unachota kidogo tu, nyingine unaitoa nje. Hicho kiporo kinamtosha mwenzako mpaka apate msaada."

Akaeleza kwamba mtu akizimia ulimi hulegea ukarudi nyuma na kuziba koo, ndiyo maana wengine hukoroma na watu wakadhani wamelala tu. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Jumapili mchana mume wangu alipojilaza mkekani na kuanza kukoroma, nilipiga magoti kando yake, nikamrudisha kichwa nyuma taratibu na kumwinua kidevu. Mkoromo ukakatika. Nikamwachia, ukarudi. Nikainua tena.

"Unanifanya nini?" akauliza bila kufumbua macho.

"Nakuangalia ulimi."

Akageukia ukutani.

Ulifika msimu wa kupandikiza mpunga. Kati yetu vibarua alikuwemo dada mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia upande wa Rudewa kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kazi, na alikuwa na kifafa. Wote tulijua. Kikombe chake kiliwekwa peke yake, na yeye alijifanya haoni.

Asubuhi moja alikwenda mferejini kunawa matope. Mama mmoja akaita kwa sauti, tukakimbia. Tulimkuta kalala kifudifudi majini, khanga yake imetanda juu ya maji. Wanaume wawili walimvuta kwa nguo mpaka ukingoni. Walipoliona povu mdomoni, wakamwachia na kurudi nyuma.

"Msimguse," akasema mmoja. "Povu hilo linaambukiza."

Hata bibi yangu alitulea na maneno hayo. Muuguzi alikuwa ametuambia kifafa hakiambukizi, nami nilimwamini, lakini nilipopiga magoti pale matopeni mikono yangu ilikuwa haijaamini bado. Nikamtazama kifuani. Kifua hakipandi. Nikaweka sikio karibu na pua yake, sikusikia kitu. Shingoni, chini ya vidole vyangu, kulikuwa na mapigo dhaifu.

Mwanamume mwingine akamshika miguu. "Tumbinue, maji yatoke."

"Kaka, mwache chini," nikamwambia. "Hana pumzi. Kimbia kamwite msimamizi alete pikapu."

Akanitazama, akaenda.

Nikafuta povu na majani kwa ncha ya khanga yangu, nikambana pua, nikapuliza. Hewa haikuingia. Ilirudi ikajaa mashavuni mwangu, kifua chake kimetulia vile vile. Nikakumbuka kidevu. Nikamrudisha kichwa nyuma zaidi, nikapuliza tena, na safari hii kifua kikainuka. Sijui namna ya kuusimulia mshangao ule. Kuona kifua cha mdoli kikipanda ni jambo moja. Kuona mbavu za mtu unayemjua zikifunguka kwa hewa iliyotoka ndani yako ni jambo lingine kabisa. Nikapuliza, nikaachia, nikagusa shingo, nikapuliza.

Akakohoa. Akatapika maji na uji wa asubuhi, nami nikamlaza ubavu upesi ili asipaliwe. Halafu akavuta hewa mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza. Mama aliyeita watu mwanzo akavua khanga yake ya mabegani na kumfunika.

Pikapu ilimpeleka zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali ya Kilosa, akakaa siku kadhaa kwa sababu maji yalikuwa yameingia mapafuni.

Mama yake mzazi alinifuata nyumbani akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, pamoja na kaka wa mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaendelea kwa lugha yao, akinitazama usoni.

Kaka akatafsiri kwa aibu kidogo. "Mama anauliza, ulimpa pumzi yako. Wewe umebakiwa na ya kutosha?"

Nikamweleza habari ya kiporo. Alipotafsiriwa alitikisa kichwa polepole, akaniomba nimwonyeshe, akaweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu nikapuliza. Akajipulizia na yeye, akalinganisha.

Baadaye nilipata safari ya Mikumi, nikampitia muuguzi kazini kwake. Nilimsimulia yote nikitegemea sifa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilipuliza kwa nguvu kiasi gani.

"Kwa nguvu zangu zote."

"Ndiyo maana alitapika sana. Hewa ikizidi inaingia tumboni. Puliza mpaka uone kifua kinaanza kupanda, kisha acha kishuke chenyewe."

Akanipa nishike mfuko wa mpira wanaotumia wao, wenye kinyago cha kufunika pua na mdomo. Nikauminya taratibu, nikaachia, ukajaa wenyewe. Nikamuuliza unajuaje wakati wa kuacha kuminya, na mtoto mchanga naye apulizwe kiasi gani, na mtu mwenye shingo iliyovunjika kidevu chake kinainuliwaje. Akavuta kiti.

Yule dada sasa anameza dawa zake kila siku na ameacha kazi za mferejini. Anachambua mbegu ghalani. Wapo ambao bado hawanywi kwenye kikombe chake. Mama aliyemfunika khanga siku ile hunywea hicho hicho, na akimaliza hunipa na mimi.